Bulu Wawili, Kiti Kimoja

Kikombe cha chai bado kiko hewani. Hapo ndipo tulipokiacha Jumapili iliyopita, hakijafika mdomoni wala hakijarudi mezani, na mwenye kukishika, Bulu Bagchi, alikuwa amemkodolea macho jirani yake Haradhan kana kwamba mzee wa watu amemtemea ndani ya chai.

"Rudia," alisema Bulu.

Haradhan akarudi kwenye karatasi yake. Mkononi alishika kibali cha kuingia mbuga ya Devtal kuwaona chui milia: gari moja la jipu, watu sita, asubuhi ya sikukuu, lango kuu. Majina matano ya kwanza aliyasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. La sita ndilo lililoichachua chai.

"Sreelekha Nandi," akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Mwanamke. Kijana."

"Mimi ni kijana?"

"Hapana, Didi."

"Mimi ni Nandi?"

"Hapana, Didi."

"Basi niambie, Haradhan, wewe uliyesoma mpaka nywele zikahama: huyo aliyekalia kiti changu ni nani?"

Haradhan hakujua. Yeye alikuwa amealikwa kwa sababu ya kamera yake, ile yenye lenzi ndefu kama bomba la maji machafu, na kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kutomwalika.

Mezani walikuwa wengine wanne. Khoka, kaka mdogo wa Bulu. Mandira, mke wa Khoka. Tatai, mtoto wao. Na Jhinuk, mke wa Tatai, bi harusi wa juzijuzi ambaye bado alikuwa akivuta upande wa sari kufunika kichwa kila baba mkwe akipiga chafya. Jhinuk ndiye aliyejaza majina.

"Ni Bulu," Jhinuk alisema, akiangalia sahani.

"Bulu ni mimi."

"Ni Bulu wa kwetu, Pishi. Mdogo wangu."

Didi kwao ni dada mkubwa, na Pishi ndiyo shangazi. Na kwa kuwa Bulu ndiye aliyewapikia wote tangu Tatai hajaota meno, cheo hicho kimemkaa hata kwa Kiswahili chetu.

Sasa kikombe kilishuka. Kilishuka kwa kishindo, na chai ikaenda kumtembelea Haradhan kwenye suruali.

"Umemweka mdogo wako?" Tatai alimgeukia mkewe. "Kwa nini?"

"Niliambiwa niweke Bulu."

"Na nani?"

Jhinuk akainua macho. Yakampita mumewe, yakamfikia baba mkwe, yakatua hapo kidogo, kisha yakarudi kwenye sahani.

Khoka akakohoa. Jina lake maana yake ni mtoto wa kiume, na mtoto huyu ana masharubu, kisukari na pensheni. Ndivyo walivyo watu wa Kolkata, kila mmoja ana majina mawili: moja la vyeti, la kuitiwa na serikali, na moja la nyumbani, la kuitiwa chakula. La vyeti hulala kabatini. La nyumbani humfuata mtu mpaka kwenye kuni za kuchomewa maiti yake.

"Ni mimi niliyemwambia aweke Bulu," alisema Khoka. "Ndiyo, ni mimi! Sasa mtu mwenye akili zake akiambiwa Bulu ndani ya nyumba hii anamfikiria nani? Si Didi? Lakini wasichana wa siku hizi, kichwa chote kiko kwenye simu. Makosa ya majina tu haya, Didi. Bulu na Bulu. Yamegongana."

Jhinuk akafungua mdomo. Akaufunga.

Na hapo, wapenzi, Bulu Bagchi akalipuka.

"Wewe binti! Umekuja humu na sanduku la sari na kinyago cha adabu, nikakuonyesha chumvi iko wapi na maji ya moto yako wapi. Nikakuachia kitanda cha mama yangu! Leo unaniambia hukujua Bulu ni nani? Anayekukandia unga wa mikate ya luchi kila Jumapili ni nani, Sreelekha?"

"Pishi, mimi..."

"Usiniite Pishi! Pishi hayumo kwenye jipu!"

"Didi, taratibu," Mandira aliingilia. "Mtoto amekosea. Jina litabadilishwa tu."

"Haliwezi," alisema Haradhan, ambaye hata chai ya moto mapajani haikumzuia kutoa elimu. "Langoni wanalinganisha kibali na kitambulisho chenye picha. Jina likipishana hata herufi, unashushwa. Hawabadilishi kabisa. Shemeji yangu alishushwa, akakaa kwenye kibanda cha tiketi na tumbili mpaka tuliporudi."

"Mpigieni yule Dubey," Mandira alisema. "Si ndiye anayetushughulikia huko Devtal?"

Tatai akachukua simu ya baba yake, kwa kuwa namba hiyo ndiyo Dubey aliyoizoea, akapiga, akasikiliza, akasihi, akasikiliza tena. Uso wake ukawa unarefuka kadiri anavyosikiliza.

"Hakuna kiti hata kimoja," alisema. "Wiki ya sikukuu. Malango yote yamejaa. Anasema kikitokea chochote atapiga yeye mwenyewe, lakini tusitegemee." Akairudisha simu kwenye mfuko wa shati la baba yake, polepole, kama mtu anayerudisha maiti mochwari.

Basi. Kiti kimekwenda.

Bulu alikaa. Kando ya kiti chake kulikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kofia sita za sufu, zile za kufunika masikio mpaka kidevuni, maana jipu ni la wazi na asubuhi ya Devtal inang'ata. Alizifuma zote yeye, rangi ya matope, kwa sababu msituni nyekundu hairuhusiwi. Yeye ndiye aliyechagua mwezi, lango na treni. Yeye ndiye aliyemkataza Mandira marashi na Haradhan soga.

Alitaka kitu kimoja tu. Alipokuwa msichana mdogo baba yake alimpeleka bustani ya wanyama kumwona chui milia, na chui milia akamgeuzia makalio, akakaa hivyo mpaka kengele ya kufunga ikalia. Tangu siku hiyo Bulu amekuwa akisema: nimeuona mkia, sasa nataka uso.

Akainua kofia ya kwanza kutoka kikapuni.

"Haya," alisema, na sauti ilikuwa imetulia, jambo ambalo wenye akili wangelitumia kukimbia. "Tuseme Jhinuk asingekosea. Tuseme angeniweka mimi. Angeandika jina gani?"

Walitazamana.

"Jina langu la vyeti. Lile la kwenye kitambulisho. Mandira, tumekula jiko moja ujana wetu wote. Naitwa nani?"

Mandira akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau mlango wa choo uko upande gani. "Didi na utani wako. Si... Bulu? Bulurani?"

Bulu akautafuta uzi wa mwisho wa kofia ya Mandira, akaushika, akavuta. Sufu ikaanza kufumuka, trrrr, kisogo kwanza, halafu utosi. Mpaka ikawa rundo la tambi chini ya meza.

"Baridi njema. Haradhan!"

"Mimi ni jirani tu, Didi."

"Jirani anayekula kwangu kila siku ya samaki. Sema."

"Bulbuli?"

"Ndege! Nimekuwa ndege!" Trrrr. Kofia ya Haradhan nayo ikaenda. "Tatai. Wewe baba, nilikunywesha maziwa kwa kijiko. Nilikubeba nikakupeleka shule, mwalimu akadhani mimi ndiye mama. Naitwa nani?"

Tatai alikuwa ametoka jasho, na ilikuwa Januari, mwezi wa baridi kwao. "Nirmala," alisema kwa kukata shauri. "Nirmala Bagchi."

Hata Mandira aliziba uso.

"Nirmala," alisema Bulu polepole, "ni yule mama aliyekuwa anatuoshea vyombo."

Hakuivuta kofia ya Tatai. Aliichana.

"Jhinuk?"

"Sijui, Pishi," alisema Jhinuk, na machozi yakimdondokea kwenye luchi. "Sikuuliza hata siku moja. Nisamehe."

Lilikuwa jibu pekee la kweli mezani hapo, lakini hasira ya Bulu ilikuwa imeshapanda ngazi na haikuwa na breki. Kofia ya Jhinuk ilifumuliwa kwa kasi kuliko zote.

"Khoka."

Kaka akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. "Mimi nalijua! Nalijua, Didi, usinitazame hivyo. Liko hapa, kwenye ncha ya ulimi. Linaanza na... Baba ndiye aliyekupa... Ni jina refu. Zuri. Ngoja kidogo."

"Nangoja."

"Ncha ya ulimi kabisa."

"Liteme basi."

Akashindwa. Bulu aliitazama kofia ya kaka yake, akairudisha kikapuni pamoja na yake. Huyu alimpa muda. Damu ni damu, na hata mwenye hasira ana upendeleo wake.

Nanyi mnaosoma, msijichekee huko. Tangu mvua za masika mnamfuata mwanamke huyu kila Jumapili, mnamwita Bulu, Bulu, na hakuna aliyeniandikia kuuliza jina lake. Mimi nalijua. Siwaambii.

"Didi," Khoka alisema kwa upole, ule upole wa mtu anayekaribia ng'ombe mkali na kamba nyuma ya mgongo. "Yaliyopita yamepita. Mwakani nitakukatia tiketi mwenyewe, mkononi mwako. Na tukiangalia vizuri, labda ni heri. Gopal je?"

Hapo hata mjusi ukutani alisimama.

Gopal ni yule mungu mchanga wa shaba, mdogo kama kiganja, anayekaa kwenye kiti chake cha enzi pembeni mwa chumba cha nyuma. Asubuhi anaogeshwa. Mchana anakula kabla ya mtu yeyote. Jioni analazwa na chandarua chake. Asipohudumiwa siku moja, nyumba nzima inahesabu misiba. Kwa hiyo kila mara familia ilipokwenda kutembea, mtu mmoja alibaki na Gopal. Na mtu huyo hakuwa Khoka hata mara moja.

"Mlipokwenda Puri baharini," Bulu alisema, "mliniletea nini?"

"Didi..."

"Kisanduku cha makombe! Mlipokwenda Darjeeling mkaniletea majani ya chai, nikawapikia nyie nyie mkayanywa. Mlipokwenda jangwani Rajasthan mkaniletea ngamia wa mbao. Mkaenda tena, ngamia wa pili! Mimi nina msafara wa ngamia juu ya kabati na sijawahi kuliona jangwa! Safari hii nilimwuliza kuhani wa mtaa, na ulikuwepo, Khoka, ulisikia kwa masikio yako. Alisema Gopal anaweza kusafiri na mimi kwenye kapu lake, miungu nayo inapanda treni. Nimemfumia na kofia! Ukatikisa kichwa, ukasema sawa Didi. Sasa Gopal-je imetoka wapi?"

"Nasema tu, kwa kuwa makosa yameshatokea..."

Kengele ya mlango ikalia.

Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, mchangamfu, mwenye kofia mpya ya pama, buti mpya za kahawia ambazo hazijawahi kukanyaga hata tope la mtaa, na boksi la sandesh, vitamutamu vya maziwa na sukari guru.

"Nimewaletea kitu kitamu!" alisema Sreelekha Nandi, anayeitwa Bulu kwao kwa sababu bibi yake alitaka hivyo. Akainama kugusa miguu ya wakubwa, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Bulu mkubwa. "Pishi, nimesikitika sana kwamba umebadili mawazo. Nilimwambia Mzee Khoka, si bora tumbembeleze? Akasema hapana, mwenyewe hataki tena, magoti yanamsumbua, na ukimtajia ataona aibu."

Khoka akavuta kikombe chake karibu.

Bulu akamwinua msichana kwa kidevu. "Alikuambia lini, mwanangu?"

"Aliponipigia simu kunialika. Siku ile nimenunua hizi buti." Akageuka kwa dada yake. "Jhinuk, kwa nini unalia? Si ulikuwepo? Si wewe uliyemwuliza nikiwasikia kwenye simu, Baba, Bulu yupi, wa hapa au wa kwetu? Naye akasema wa kwenu, wa kwenu, andika upesi."

Khoka alikuwa anatafuta kitu muhimu sana kwenye kikombe kitupu.

Bulu akamtazama Jhinuk. Sasa alielewa ule mdomo uliofunguka ukafungwa. Bi harusi wa juzijuzi hamwiti baba mkwe mwongo mbele ya chai. Anameza, analia, anafumuliwa kofia.

"Kofia yako nitaifuma upya," alimwambia. "Hawa wengine wagande."

Kisha akamgeukia kaka yake, na kama mngeuona uso ule mngesema chui milia hahitajiki tena, ameshapatikana.

"Uliniacha nimtukane mtoto wa watu."

"Didi, nisikilize."

"Ulikaa hapo, unakula luchi zangu, ukaniacha nimrarue asiye na kosa."

"Niliogopa! Haya, niliogopa! Mama aliniambia kabla ya kufa, Gopal asitoke nyumba hii. Ningekwambia nini? Ungekasirika!"

"Na sasa nimefurahi?"

"Ningekueleza tu kwa wakati wake."

"Lini?"

Khoka akanong'ona.

"Paza!"

"Steshini."

"Steshini!" Bulu alicheka, na kicheko hicho kilimfanya Haradhan asogeze kamera yake mbali. "Begi nimelishika, Gopal yuko kapuni, treni inapiga honi, ndipo uniambie rudi nyumbani! Khoka, mama alisema Gopal asilale njaa. Nilikuwepo nimemshika mguu. Hakusema asitoke. Na wala hakusema mimi nisitoke. Hilo umeliongeza wewe, na umelila maisha yako yote kama sandesh."

"Kweli hii?" Mandira alimwuliza mumewe. "Baba Tatai, kweli hii? Mimi nimekuwa nikimwambia kila mtu Didi hapendi safari! Wewe ndiye uliyeniambia hapendi safari!"

Bulu alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma.

Alitoka na Gopal. Alimbeba kwa mikono miwili, kwenye kitambaa chake cha njano, na kichwani kofia ndogo ya sufu rangi ya matope imemfika nyusi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kaka yake.

"Shika."

Na Khoka akashika! Angefanyaje? Hakuna Bagchi aliyezaliwa ambaye angemwachia Gopal aanguke. Mikono yake miwili ilinyooka yenyewe, ikampokea, ikamweka mapajani, ndipo akili ikafika, imechelewa kama kawaida yake.

"Didi! Hapana! Didi, mchukue!"

"Hivyo hivyo ndivyo mama alivyonipa mimi. Kwa mikono miwili, bila kuniuliza. Nilikuwa natoka kwenda kuona picha na Shefali, nimeshavaa viatu. Mama akasema shika, nikashika. Sheria ya nyumba hii unaijua. Mwenye kumpokea kwa mikono miwili ndiye mama yake, mpaka apatikane wa kumpokea kwa mikono miwili."

Khoka akamnyooshea Tatai. Tatai akaweka mikono nyuma. Akamnyooshea Mandira. Mandira akakunja yake kifuani, akaibana. Akamnyooshea hata Haradhan, na Haradhan ghafla akawa na lenzi ya kufuta.

"Wasaliti!" alisema Khoka.

"Anaoga asubuhi, maji ya vuguvugu," Bulu alimfundisha. "Hapendi ndizi zilizoiva sana. Jioni usipomwimbia halali, na wewe sauti yako ni ya chura, kwa hiyo mtakesha wote wawili. Devtal nenda mwakani. Nitakuletea ngamia."

Akachukua kofia ya Khoka kutoka kikapuni, na kwa kuwa mikono ya kaka ilikuwa imeshikwa na mungu, akamvika mwenyewe, akaishusha mpaka kidevuni. Yakabaki macho mawili na ncha za masharubu.

"Pishi, unakwenda wapi?" Tatai aliuliza, maana shangazi yake alikuwa ameshika begi, lile lililofungwa tangu wiki iliyopita, na shali, na kofia ya mwisho.

"Kwa Shefali."

"Yule wa Behala? Kufanya nini?"

"Tulisoma naye. Nakwenda kwa mtu anayenijua jina."

"Pishi, tuambie basi! Tuambie sasa hivi, tutaliandika ukutani!"

"Tafuteni," alisema Bulu. "Kitambulisho ninacho mimi, na kabati nimelifunga. Nyinyi mnanijua mgongo tu, mgongo ulioinamia jiko. Nimemaliza."

Mlango ukabamizwa mpaka sandesh zikaruka kwenye boksi.

Ngazi za nyumba ile ni za mawe, nyembamba, na sauti hupanda na kushuka humo kama ndani ya mtungi. Bulu alishuka huku akijivika kofia kwa nguvu, pua ikimwasha, akiwalaani wote kwa zamu, akianza na waliokufa. Alifika kwenye kona ya ngazi.

Juu, simu ikalia.

"Mfukoni kwangu!" ilisikika sauti ya Khoka, imefunikwa na sufu. "Tatai, itoe! Mimi siwezi, nimemshika Gopal! Weka kwenye spika!"

"Namaste, Dubey hapa, Devtal. Mzee, una bahati! Familia ya Pune, bibi yao ameteguka mguu. Kiti kimoja, jipu linalowafuata nyinyi, lango kuu, asubuhi ileile."

Bulu akasimama. Mkono wake ukashika ukuta.

"Tunakichukua!" sauti tatu zilisema kwa pamoja juu kule.

"Basi nipe jina kamili. Kama lilivyo kwenye kitambulisho. Na upesi, mzee, hapa ofisini kuna bwana kutoka Delhi ameshatoa kalamu."

Juu, viti vikasukumwa.

"Mzee? Jina?"

Mlango wa juu ukafunguka kwa kishindo. "Pishi!" Ilikuwa sauti ya Jhinuk, ndiyo mara ya kwanza kupaza sauti tangu aingie nyumba hiyo. "Pishi, uko hapo? Tupigie kelele jina lako! Jina tu!"

Bulu alikuwa hapo. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia kofia ya Khoka ikikwaruza masharubu. Neno moja tu lilihitajika. Alipandishe kwenye zile ngazi, na uso wa chui milia ni wake.

Neno lilimpanda kifuani, likafika kooni, likagonga meno.

Maisha yake yote alikuwa amewapa kila kitu kabla hawajaomba. Hata hili awape?

"Mzee, nahesabu mpaka tatu, nampa bwana wa Delhi. Moja."

"Baba, sema!" Tatai alilia. "Ulisema unalijua!"

"Mbili."

Bulu akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, kofia imemfunika masikio na bado anasikia kila kitu. Juu, kaka yake akakohoa, akamkumbatia Gopal, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama.

"Andika," alisema Khoka. "Dada yangu anaitwa..."